Mwenza: Historia ya Kiti cha Pili cha Muungano

Kabla ya mwaka 1995, neno "mwenza" lilikuwa na makaazi yake katika nyumba za mitala. Mke mwenza ni yule anayeolewa na mume mmoja pamoja na mwingine, na ukewenza ni hali ya kugawana mume, zamu na cheo. Kwa hiyo neno limebeba mambo mawili kwa pamoja: limebeba ushirika, na ndani ya ushirika huo limebeba wivu. Ndilo neno lililokuja kupewa kazi mpya katika siasa za Tanzania pale Katiba ilipoamuru kwamba mwenye kutaka urais wa Jamhuri ya Muungano asimame na mtu wa pili, wapigiwe kura moja, na washinde pamoja au waanguke pamoja. Mtu huyo akaitwa mgombea mwenza.

Kila baada ya miaka mitano jina la mwenza hutangazwa, watu hushangilia au hunung'unika kwa siku mbili tatu, kisha macho hurudi kwa mgombea mkuu. Aghalabu mwenza huhesabiwa kuwa pambo la safari. Walakini historia ya kiti hicho, hasa kwa mtu wa Visiwani, haikuwa ya pambo hata siku moja. Ndani yake mna suala ambalo Muungano umekuwa ukilijibu tangu ulipozaliwa: Zanzibar itakaa wapi katika dola ya pamoja, na nani atakayemchagua mtu wa kukaa hapo?

Hati za Muungano zilitiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964, na Muungano ukaanza tarehe 26 ya mwezi huo. Hati hizo ziliweka makamo wawili wa Rais. Mmoja wao alitakiwa awe mkaazi wa Zanzibar; yeye ndiye awe mkuu wa serikali ya Zanzibar, na yeye ndiye awe msaidizi mkuu wa Rais katika utendaji unaohusu Zanzibar. Karume akawa Makamo wa Kwanza, na Rashidi Kawawa wa Tanganyika akawa Makamo wa Pili.

Inafaa kulitazama vyema jambo hilo. Nyerere hakukaa na wazee wa chama chake akapima majina, kisha akamteua Karume kuwa mwenza wake. Karume alikikalia kiti kile kwa sababu alikuwa tayari na nchi mkononi. Cheo chake katika Muungano kilikuwa kivuli cha cheo alichokuwa nacho Unguja, wala hapakuwa na mtu wa Dar es Salaam aliyeweza kukiondoa kivuli bila ya kuugusa mti wenyewe.

Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi vyeo vyote viwili, cha Zanzibar na cha Muungano. Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, Ali Hassan Mwinyi akavirithi vivyo hivyo. Mwaka 1985 Nyerere aling'atuka na Mwinyi akawa Rais wa Muungano. Hapo ikadhihirika kwamba kiti cha pili kinaweza kuwa ngazi ya kufikia cha kwanza. Na kwa kuwa Rais sasa alitoka Visiwani, mpango wa makamo nao uligeuka: Waziri Mkuu Joseph Warioba akawa Makamo wa Kwanza, na Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil, akawa Makamo wa Pili. Mwaka 1990 nafasi hizo zilishikwa na John Malecela na Dk. Salmin Amour.

Wapo wanaoukumbuka utaratibu huo wa zamani kana kwamba ulikuwa sauti kamili ya Wazanzibari. Haki haina budi kusemwa. Karume hakuingia madarakani kwa kura, na Jumbe mwaka 1972 hakuchaguliwa na wananchi. Wazanzibari walianza kumpigia kura Rais wao mwaka 1980, na hata hapo aliyesimama alikuwa mgombea mmoja wa chama kimoja, mpiga kura akimtaka au akimkataa. Sauti ilikuwepo, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali lenye jibu moja. Hata hivyo kanuni yenyewe ilikuwa na uzito wake: yeyote atakayeiongoza Zanzibar, huyo ndiye Makamo katika Muungano. Hakuna aliyehitaji kumpendeza mgombea wa Bara ili akifikie kiti hicho.

Kanuni hiyo ilitikiswa na mfumo wa vyama vingi uliorejeshwa mwaka 1992. Maadamu chama kilikuwa kimoja, Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar walikuwa watoto wa nyumba moja. Vyama vilipokuwa vingi, likazuka suala ambalo waasisi wa Muungano hawakulazimika kulijibu. Itakuwaje chama kimoja kikishinda urais wa Muungano, na chama kingine kikashinda urais wa Zanzibar? Rais atakaa Ikulu na Makamo ambaye ni mpinzani wake, na akisafiri nje atamwachia nchi mtu aliyezunguka mwaka mzima akiwataka watu wasimchague.

Hofu hiyo si ya Tanzania peke yake. Marekani, ambayo cheo cha makamo wa rais ni kikongwe kwao, iliijua karibu miaka mia mbili kabla. Katika katiba yao ya awali, aliyepata kura nyingi za wajumbe wa uchaguzi alikuwa rais na aliyemfuatia alikuwa makamo. Mwaka 1796 John Adams alishinda, na mpinzani wake Thomas Jefferson akawa makamo wake. Wakakaa miaka minne katika serikali moja na kambi mbili. Mwaka 1800 Jefferson na Aaron Burr, waliosimama upande mmoja, walifungana kwa kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 kabla ya kumpata rais. Marekebisho ya 12 ya katiba yao, mwaka 1804, yakaitenganisha kura ya rais na ya makamo. Tangu hapo ikawa kazi ya vyama kuhakikisha kwamba wawili hao wanakwenda pamoja.

Tanzania ilichukua dawa ya namna hiyo katika Marekebisho ya 11 ya Katiba, mwaka 1994. Makamo wawili wakaondolewa, akabaki mmoja. Huyo atapendekezwa na chama wakati ule ule anapopendekezwa mgombea urais, na watapigiwa kura kwa pamoja. Anatakiwa awe raia wa kuzaliwa aliyetimiza miaka 40, kama anavyotakiwa Rais mwenyewe. Na juu ya yote pana sharti la pande mbili: Rais akitoka sehemu moja ya Muungano, Makamo atoke sehemu ya pili. Rais wa Zanzibar akakoma kuwa Makamo kwa wadhifa wake. Akabaki kuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Dk. Salmin Amour akawa wa mwisho kushika vyeo vyote viwili.

Visiwani mageuzi hayo yaliacha jeraha ambalo halijapona kwa wengi. Kiti kilichokuwa cha Rais wa Zanzibar sasa kitakaliwa na Mzanzibari aliyeteuliwa Dodoma. Hata hivyo, uchaguzi wa kwanza tu ulionesha kwamba waliohofia hawakuwa wakiota. Oktoba 1995 Dk. Salmin wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar dhidi ya Seif Sharif Hamad wa CUF kwa tofauti isiyofika asilimia moja ya kura, na matokeo hayo yakapingwa kwa miaka. Laiti kiasi kidogo cha kura kingeelemea upande wa pili na kanuni ya zamani ikawa bado ipo, Benjamin Mkapa angeapishwa akiwa na Maalim Seif kuwa Makamo wake. Pengine pande hizo mbili zingejifunza kukaa pamoja mapema zaidi. Pengine Muungano ungekwama. Katiba ilichagua kutoijaribu bahati hiyo.

Tangu hapo, mwenza huchaguliwa akiwa amefungwa kwa kamba tatu. Ya kwanza ni ya Katiba, nayo ni upande wa Muungano. Ya pili ni ya chama, nayo ni hesabu: atoke Unguja au Pemba, ni mwanamume au mwanamke, atawatuliza kina nani walioshindwa katika mchujo. Ya tatu ni ya mgombea mwenyewe, nayo haisemwi jukwaani: awe mtu ambaye hatamfunika. Hapo ndipo neno "mwenza" linaporudi nyumbani kwake. Mgombea anataka mshirika, lakini hataki mshirika mwenye nguvu za kwake. Karume alikuwa nazo. Wenza waliofuata baada ya 1995 waliletwa kitini kwa mkono wa mwingine, nao walilijua hilo.

Mkapa alisimama na Dk. Omar Ali Juma, daktari wa mifugo aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1988. Dk. Omar alikuwa Mpemba. Katika uchaguzi ule CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba katika Baraza la Wawakilishi. Chama tawala kilikuwa kimempeleka kileleni mtoto wa kisiwa ambacho hakikukipa hata jimbo moja. Hesabu ya kamba ya pili haijapata kuonekana waziwazi kuliko hapo. Mwenza hakuja kuleta kura za kwao. Alikuja ili Pemba isiweze kusema kwamba haimo.

Dk. Omar alichaguliwa tena pamoja na Mkapa mwaka 2000. Tarehe 4 Julai 2001, miezi michache baada ya umwagaji damu wa Januari ulioitia Pemba msibani, alifariki ghafla akiwa madarakani, akazikwa kwao. Nafasi yake ilijazwa kwa njia ambayo Katiba imeiweka: Rais hupendekeza jina, Bunge hulithibitisha. Jina lililopelekwa ni la Dk. Ali Mohamed Shein, tabibu, naye wa Pemba. Kwa mara ya kwanza tangu utaratibu wa mwenza uanze, Makamo aliingia Ikulu bila ya kupita kwa mpiga kura hata pembeni, na nchi haikutikisika. Yaelekea utulivu huo ndio uliowasahaulisha watu funzo lenyewe, kwamba kifo hakiulizi ni nani mkuu na ni nani mwenza.

Mwaka 2005 funzo lilirudi kwa sura nyingine. Siku chache kabla ya uchaguzi uliopangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba, alifariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA. Kwa kuwa wawili hao walikuwa ni kura moja, kura hiyo haikuweza kupigwa ikiwa nusu. Zanzibar ilipiga kura zake siku ile ile iliyopangwa, lakini uchaguzi wa Muungano uliahirishwa hadi tarehe 14 Disemba. Nchi nzima ilimngoja mtu wa pili. Wale waliokuwa wakisema mwenza ni pambo walipaswa kujiuliza ni pambo gani hilo ambalo likiondoka, harusi husimama.

Jakaya Kikwete alishinda uchaguzi huo akiwa na Dk. Shein. Mwaka 2010 Dk. Shein aliukwea urais wa Zanzibar, na Dk. Mohamed Gharib Bilal, mwanafizikia aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi na aliyekuwa akiutaka urais huo huo wa Zanzibar, akawa mwenza wa Kikwete. Mmoja aliondoka katika kiti cha pili cha Muungano kwenda cha kwanza cha Visiwani. Mwingine aliyekikosa cha Visiwani akapewa kile kilichoachwa. Ndipo ilipoonekana kwamba viti hivyo viwili, vilivyotenganishwa na Katiba mwaka 1994, katika mizani ya chama bado vilikuwa vikipimwa pamoja.

Mwaka 2015 ndio uliotoa mifano miwili ya kukumbukwa. Kwa upande wa upinzani, vyama vinne vilivyojiita UKAWA vilimsimamisha Edward Lowassa kupitia CHADEMA. Mwenza alitakiwa atoke Zanzibar, na nguvu za upinzani Zanzibar zilikuwa CUF. Sheria haitambui mgombea wa chama kimoja na mwenza wa chama kingine. Basi Juma Duni Haji, Makamo Mwenyekiti wa CUF na mwenza wa Profesa Ibrahim Lipumba katika chaguzi zilizopita, alikihama chama alichokitumikia miaka mingi akachukua kadi ya CHADEMA, ili ushirika wa vyama upate mlango wa kupitia. Lowassa na Duni walipata kiasi cha kura milioni sita, karibu asilimia 40. Hawakushinda, na Duni baadaye alirudi CUF.

Kwa upande wa CCM, Mkutano Mkuu wa Dodoma mwezi Julai uliletewa majina matatu: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Amina alitoka Zanzibar. Lau angeshinda yeye, mwenza angelazimika kutoka Bara. Alishinda Magufuli, na jina la mwenza wake lililotangazwa halikuwa miongoni mwa yale yaliyokuwa yakipigiwa ngoma. Lilikuwa la Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja Kusini, Mbunge wa Makunduchi, aliyekuwa Makamo Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Kabla ya hapo, tangu 2010, alikuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Muungano katika ofisi ile ile ya Makamo wa Rais. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Makamo wa Rais wa Tanzania, na habari ya siku ile iliishia hapo. Wachache waliuliza swali lililostahiki kuulizwa kwanza: je, huyu anaweza kuwa Rais kesho asubuhi?

Jibu lilikuja usiku wa tarehe 17 Machi 2021. Makamo wa Rais alitokea katika televisheni akaitangazia nchi kwamba Rais Magufuli amefariki. Katiba ilikuwa imekwisha kuandika kitakachofuata: Makamo ataapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. Tarehe 19 Machi Samia alikula kiapo, na Visiwa vikawa vimeitoa Rais wa pili wa Muungano, miaka 36 baada ya Mwinyi. Muda uliobaki ulizidi miaka minne. Waliompigia kura Magufuli mwaka 2020 walikuwa, kwa kura ile ile, wamemchagua pia mtu atakayeiongoza nchi kwa sehemu kubwa ya muhula huo. Yaliyoonekana kuwa maandishi madogo chini ya jina kubwa yakawa ndiyo maandishi yenyewe.

Hapo sharti la pande mbili lilipinduka. Rais akiwa wa Visiwani, Makamo alipaswa kuwa wa Bara. Tarehe 30 Machi 2021 Bunge lilimthibitisha Dk. Philip Mpango, wa kwanza kutoka Bara tangu utaratibu wa mwenza uanze. Na Januari 2025, Mkutano Mkuu wa CCM ulipompitisha Samia kugombea, jina la mwenza lililopitishwa naye lilikuwa la Dk. Emmanuel Nchimbi, Katibu Mkuu wa chama hicho. Kwa mara ya kwanza mgombea wa CCM kutoka Visiwani alikuwa na mwenza wa Bara. Waliapishwa Novemba 2025, baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ambao vyama vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea wa urais ndani yake, na ambao ulifuatwa na ghasia na vifo. Katika uchaguzi kama huo, suala la nani amemchagua mwenza ni sehemu tu ya suala kubwa zaidi la nani amechagua.

Ni vyema kukumbuka kwamba Zanzibar yenyewe, katika katiba yake, haikuifuata njia ya mwenza. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilifungua mlango wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa: Makamo wa Kwanza atoke katika chama kilichofuatia kwa kura, na wa Pili atoke katika chama cha Rais. Yaani kile ambacho Muungano ulikihofia mwaka 1994, Rais kukaa na mpinzani wake mezani, Wazanzibari baada ya damu na maridhiano waliamua kukifanya kuwa sheria. Maalim Seif alikaa kiti hicho baada ya uchaguzi wa 2010, na tena kuanzia Disemba 2020 hadi alipofariki tarehe 17 Februari 2021, mwezi mmoja kamili kabla ya Magufuli. Utaratibu huo umekwama na umekwamuka, wala hakuna anayedai kwamba ni mwepesi. Lakini unaye makamo ambaye kiti chake kina mizizi katika kura za watu wake.

Njia hizo mbili zinatazamana kuvuka mkondo. Upande mmoja makamo ni yule ambaye mgombea amemridhia. Upande wa pili ni yule ambaye mshindi analazimika kumvumilia. Ya kwanza imeipa serikali ya Muungano umoja wa kauli, na imeuondolea mti wa Karume kivuli chake. Ya pili imeipa Zanzibar ushirika wenye kugombana. Wakeze mume mmoja wangeweza kuwaeleza wanasiasa kwamba hakuna njia ya tatu isiyo na gharama.

Kilicho wazi kwa mpiga kura wa pande zote mbili ni kwamba karatasi ya urais haijapata kuwa na mtu mmoja tangu mwaka 1995. Dk. Omar alikufa katika kiti kile, Jumbe Rajab alikufa akikiendea, na Samia alikiacha kwa kuitwa juu. Hayo yote yametokea katika miaka isiyozidi ishirini. Mtu akitangazwa tena Dodoma, au popote pale, kuwa mwenza wa fulani, swali la kumtazamia ni lile lililosahauliwa Julai 2015, nalo liulizwe mapema, kabla ya ngoma kupigwa.